Mshahara wa mwalimu, kiwanja cha Vikindu na mkopo wa miaka saba: tuanzie wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 36, naishi Mbagala na mume wangu na watoto wetu wawili. Mshahara wangu ni 720,000, ila baada ya makato yote, ikiwemo Bodi ya Mikopo inayokata 108,000, napokea 487,000. Deni la Bodi limebaki kama milioni 1.3. Mume wangu ni fundi umeme wa kujitegemea. Mwezi mzuri analeta 600,000, mwezi mbaya hata 200,000 haifiki. Tumepanga vyumba viwili na sebule kwa 150,000, tunalipa miezi sita sita. Tumejibana mpaka akiba imefika milioni 6.4, na kila mwezi tunaongeza kama 150,000. Dalali ametuonyesha kiwanja cha mita 20 kwa 20 Vikindu kwa milioni 5, anasema kina mhuri wa serikali ya mtaa. Ofisa wa benki ameniambia naweza kupata mkopo wa mshahara wa milioni 12 kwa miaka 7 nianze kujenga mara moja. Mume wangu yeye anauliza kwa nini tusichukue mkopo wa nyumba tukanunua iliyokwisha. Wenzangu niliopangiwa nao kazi mwaka mmoja wameshahamia kwao. Tufanye lipi?

Jibu: Mwalimu, nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Mkopo wa nyumba uacheni. Mkopo wa milioni 12 usiuchukue sasa. Kiwanja nunueni, lakini si lazima kiwe hicho, na si kabla ya kukihakiki. Mkopo utakuja baadaye, ukiwa mdogo zaidi, wakati fedha yake inatosha kuwafikisha ndani ya nyumba.

Swali la mumeo ni la haki, kwa sababu ndivyo watu wa nchi nyingi wanavyopata nyumba. Tupige hesabu. Nyumba iliyokwisha, ya vyumba viwili au vitatu, yenye hati ambayo benki itaikubali, ni vigumu kuipata pembezoni mwa Dar es Salaam chini ya milioni 60. Tuseme mmekopeshwa hizo 60 kwa riba ya asilimia 15, ambayo kwa soko letu si kubwa, mlipe kwa miaka 15. Rejesho la kila mwezi ni karibu 840,000. Mapato yenu ya mwezi wa kawaida, nikichukua 487,000 zako na kumkadiria mumeo 350,000, ni 837,000. Yaani mshahara wako wote na kazi zote za waya za mumeo ziende benki, na watoto wasile. Mkirefusha mkopo hadi miaka 20, rejesho linashuka hadi 790,000 tu, lakini jumla mtakayolipa inapanda kutoka milioni 151 hadi karibu milioni 190. Na hapo sijagusa mchango wa mwanzo, ambao benki nyingi hutaka uwe asilimia 10 hadi 20 ya bei ya nyumba.

Nawaona watu wengi wakijilaumu kwa hili, kana kwamba wangejibana zaidi wangeweza. Tatizo lilianza mbali. Benki ya Nyumba Tanzania ilifungwa 1995, na kwa zaidi ya miaka kumi mwananchi wa kawaida hakuwa na pa kukopa nyumba. Sheria ya mikopo ya nyumba ilikuja 2008, na TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu za kukopeshea nyumba, ikaundwa 2010. Hata hivyo mikopo yote ya nyumba nchini bado haijafika asilimia 1 ya pato la taifa. Benki hukusanya amana ambazo mwenyewe anaweza kuzidai wakati wowote, kisha inatakiwa imkopeshe mtu kwa miaka 20. Fedha inayokubali kukaa muda huo ni chache, na serikali nayo inaitafuta hiyohiyo kwa hati fungani zenye riba nzuri. Ndiyo maana riba ya nyumba haishuki hata miaka ambayo mfumuko wa bei ni asilimia 3.

Kabla hamjaufunga mlango huo kabisa, ulizeni sehemu moja. Wewe ni mtumishi wa umma, na Watumishi Housing Investments hujenga nyumba kwa ajili ya watumishi, kama zile za Gezaulole kule Kigamboni. Omba bei na masharti ya sasa, upige hesabu hiyohiyo. Rejesho likizidi theluthi ya mapato yenu ya kawaida, yaani kama 280,000, rudini kwenye kiwanja.

Sasa mkopo wa mshahara. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo walimu na wauguzi wengi wanapokwama.

Milioni 12 kwa miaka 7, kwa riba ya asilimia 15 inayohesabiwa kwenye salio, ni makato ya karibu 232,000 kwa mwezi. Ofisa wa benki hajakudanganya. Mtumishi anatakiwa abakiwe na angalau theluthi ya mshahara wake, kwako ni 240,000, na wewe ungebakiwa na 255,000. Kwenye fomu unapita. Lakini jiulize milioni 12 inajenga nini. Ukiwa na ramani ya vyumba vitatu kama wengi wanavyochora, inachimba na kumwaga msingi, inanyanyua kuta, labda inafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Haipaui, haiezeki, haiweki milango wala haichimbi shimo la choo. Kwa hiyo tangu mwezi wa pili mtalipa 232,000 za benki na 150,000 za mwenye nyumba kwa pamoja, huku kuta zenu zikinyeshewa na masika. Baada ya miaka 7 utakuwa umelipa zaidi ya milioni 19, na zaidi ya milioni 7 kati ya hizo ni riba. Pitia Chamazi, Mbande hadi Chanika uone yale mapagala yaliyoota nyasi hadi madirishani. Mengi si ya wavivu. Ni ya watu walioanza na mkopo mkubwa, mkopo ukaishia ukutani, na makato yakawanyima hata shilingi ya kununua bati.

Halafu baada ya mwaka mmoja na nusu benki itakupigia simu: unaweza kuongeza mkopo juu ya mkopo. Ukikubali, miaka inaanza kuhesabiwa upya. Nimeona mwalimu akistaafu akiwa bado anakatwa mkopo aliouchukua kwa ajili ya msingi. Na wale wakopeshaji wa mitaani tunaowaita kausha damu hata sina la kuongeza. Nyumba haijengwi kwa fedha hiyo.

Kodi ya pango inakoma siku mnayohamia. Kabla ya siku hiyo, kila shilingi ya riba mnailipia nyumba isiyowafaa kitu. Kwa hiyo akiba ijenge mwanzo, mkopo ujenge mwisho. Akiba inunue kiwanja, matofali, msingi na kuta, taratibu, bila mtu yeyote kuwadai. Mkibakisha kupaua, milango, madirisha, waya na choo, ndipo unakwenda benki. Milioni 7 kwa miezi 36 kwa riba hiyohiyo ni makato ya karibu 243,000, tofauti na ule mkopo wa kwanza ni kama elfu 11 tu kwa mwezi. Lakini riba yote ni milioni 1.7 badala ya 7.4, na ndani ya miezi michache mnakuwa mmeshaacha kulipa pango. Ukifika benki usiulize asilimia peke yake. Mwambie akuandikie jumla utakayolipa hadi shilingi ya mwisho, pamoja na bima na ada zao, maana wapo wanaohesabu riba kwenye mkopo mzima wa mwanzo, si kwenye salio, na asilimia ileile inakuwa karibu mara mbili.

Jambo jema ambalo hukulitaja: deni la Bodi linaisha ndani ya kama miezi 12. Siku hiyo mshahara wako wa mkononi unakuwa 595,000. Hizo 108,000 ziamulieni leo, kabla hazijaingia. Mkiziunganisha na 150,000 mnazoweka sasa ni 258,000 kwa mwezi, karibu milioni 3.1 kwa mwaka. Mwaka huu wa kwanza mtakusanya milioni 1.8, miaka miwili inayofuata milioni 6.2, jumla milioni 8. Ongeza mkopo wa 7 wa mwisho, mna milioni 15 za kujengea, mbali na kiwanja. Miaka mitatu. Hesabu hiyo inasimama kwa sharti kwamba msijenge kubwa, na nitalirudia.

Tuje kwenye kiwanja chenyewe, kwa sababu hapo ndipo mnaweza kupoteza kila kitu kwa siku moja.

Umesema kiko Vikindu na kina mhuri wa serikali ya mtaa. Sentensi hiyo imenishtua. Ukishapita Kongowe umetoka Temeke, umeingia Mkuranga, mkoa wa Pwani, na Mkuranga ni halmashauri ya wilaya. Serikali ya mtaa, kwa maana ya mtaa wenyewe, ipo kwenye miji, manispaa na majiji. Kwenye halmashauri ya wilaya kuna vijiji na vitongoji. Huenda dalali amesema kwa mazoea tu. Huenda pia kiwanja hakipo mnapodhani kipo, au mhuri huo hauna mamlaka juu ya ardhi hiyo. Jambo la kwanza kabisa ni kujua ardhi hiyo ni ya namna gani: ya kijiji, au ya mji uliokwisha kutangazwa na kupangwa.

Kama ni ya kijiji, inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Mtu asiye wa kijiji hicho anayenunua anahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na ombeni nakala. Mahakama zetu zimeshabatilisha mauzo mengi yaliyokosa idhini hiyo, hata mnunuzi akiwa amelipa yote na kujenga. Kama ni eneo la mji, nendeni idara ya ardhi ya halmashauri ya wilaya na mwombe kuuona mchoro wa mipango miji. Muulize ofisa swali moja: kwenye mchoro huu, hapa ni makazi? Kuna viwanja vizuri sana kwa macho ambavyo kwenye mchoro ni shule, makaburi au barabara. Kama wanasema kimepimwa, omba namba ya kiwanja na ya ramani ya upimaji, mwende na mpima kuangalia mawe ya mipaka. Kama wanasema kina hati, lipieni upekuzi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi utawaonyesha jina la mmiliki, na kama kuna benki au mahakama iliyoweka zuio.

Kisha ulizeni hifadhi, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa. Barabara ya Kilwa ina hifadhi yake, nyaya kubwa za TANESCO zina yake, na bomba la gesi linalotoka Mtwara kuja Dar es Salaam linapita Mkuranga nalo lina yake. Mwaka 2017 zaidi ya nyumba elfu moja zilibomolewa kwenye barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Wenye nyumba wengi walikuwa na karatasi za mauziano, walikuwa na luku, wengine walikuwa wakilipa kodi ya jengo. Alama ya X inayochorwa kwenye nyumba ya kubomolewa haikuvisoma vitu hivyo. Kabla yao, Desemba 2015, nyumba zilivunjwa bonde la Msimbazi. Kwa hiyo nendeni pia mkakione kiwanja mvua ikiwa inanyesha, muone maji yanakwenda wapi. Majirani waulizeni mkiwa wenyewe, dalali asiwepo.

Mwuzaji naye ahakikiwe. Kama shamba ni la urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na awaonyeshe barua. Kama ana mke au mume, mwenzake asaini ridhaa. Bila hiyo, miaka mitano baadaye atatokea mama na watoto wake akisema eneo hili liliuzwa akiwa msibani, na sheria ya ndoa itamsikiliza. Mkidaiwa asilimia kumi ya bei ili mgongewe mhuri, ulizeni inatozwa kwa sheria ipi, na mlipe kwa namba ya malipo ya serikali, mpate stakabadhi. Bei yenyewe ilipwe kupitia benki kwenye akaunti ya mwuzaji. Msimpe dalali fedha ya kiwanja hata nusu.

Ya kuhakiki hayo yote, pamoja na mwanasheria wa kuandika mkataba, yatengeeni laki kadhaa. Hapo mtaona kwamba milioni 5 ni bei kubwa kwenu, kwa sababu akiba ya 6.4 ina 900,000 za pango la miezi sita ambazo hazitakiwi kuguswa. Ombeni mpunguziwe bei hadi ifike milioni 4.5, au chukueni kiwanja kidogo zaidi. Mita 15 kwa 20 zinatosha familia ya watu wanne. Watu huogopa kiwanja kidogo, lakini kidogo kilichopimwa kinashinda kikubwa chenye mashaka, na siku ukihitaji kukiuza au kukikopea utaliona hilo.

Nauli ihesabuni kabla ya kununua. Kama kuhamia Vikindu kutawaongezea ninyi na watoto 3,000 kwa siku, kwa siku 24 ni 72,000, karibu nusu ya pango mtakaloacha kulipa. Je, mumeo wateja wake wako wapi? Fundi umeme anayepigiwa simu saa mbili usiku Mbagala akiwa Vikindu ndani ndani, kazi anapewa mwingine. Kama mnaweza kupata kiwanja kidogo Toangoma au Mbande kwa bei inayokaribiana, kitazameni kwa heshima hata kama hakina mandhari.

Kuhusu ujenzi, nimesema msijenge kubwa. Jengeni banda la uani kwanza: vyumba viwili, sebule ndogo, jiko na choo ndani, mita za mraba 45 hivi, lisukumwe nyuma ya kiwanja ili mbele pabaki pa nyumba kubwa siku Mungu akijalia. Kwa ujenzi wa kawaida, bila jipsam wala vigae, usishangae ukikadiriwa milioni 14 hadi 18, na ndiyo maana zile milioni 15 zinawahitaji muwe wakali. Mumeo akifunga waya mwenyewe, mnaokoa ufundi wa umeme. Familia nyingi za Dar es Salaam unazoziona kwenye nyumba nzuri leo zilianzia uani, zikalea watoto humo miaka mitano au kumi. Kibali cha ujenzi ombeni kama eneo ni la mji.

Fedha ya mwezi mzuri wa mumeo igeuzeni matofali. Mfyatulie kwenye kiwanja chenu, mkihesabu wenyewe mfuko mmoja wa saruji unatoa mangapi. Yakizidi 40 ya inchi 6, fundi anawapunja saruji. Yamwagilieni maji siku saba. Tofali linangoja mwaka mzima bila kuharibika. Saruji haingojei, ikipita miezi mitatu stoo inaanza kuganda, kwa hiyo msinunue kwa wingi eti bei itapanda. Kuta msizinyanyue Februari kama hamna fedha ya bati, masika iko mlangoni. Vifaa nunueni ninyi, fundi mlipeni ufundi tu, kwa hatua: msingi ukikamilika, jamvi, yaani sakafu ya zege, likimwagwa, lenta ikifungwa.

Akiba isiyotumika isikae kwenye akaunti ya kawaida. Kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja: mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, na Faida Fund inayoendeshwa na hao hao Watumishi Housing, ambako unaweza kuweka kidogo kidogo na kuchukua unapohitaji. SACCOS ya walimu pia ni njia nzuri, hasa kwa ule mkopo wa mwisho, kwani nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba kwa riba ya chini kuliko benki. Jiunge sasa ili ukifika mwaka wa tatu uwe mwanachama wa siku nyingi.

Umeniambia wenzako wameshahamia. Sijui wamejenga kwa fedha gani, na wewe pia pengine hujui salio la mikopo yao. Miaka 36 kwa mtumishi anayestaafu akiwa na 60 si kuchelewa. Familia yenye watoto wawili, mapato ya 837,000 na akiba ya milioni 6.4 bila deni jingine ila la Bodi imefanya kazi kubwa, na nakuomba mwambie mumeo hivyo kwa sauti, kwa sababu sehemu ya akiba hiyo imetoka kwenye kazi isiyo na mshahara wa uhakika.

Mkataba uandikwe kwa majina yenu wote wawili, kuanzia karatasi ya kwanza ya mauziano. Usikubali jina la mmoja kwa hoja kwamba mtarekebisha kwenye hati, kwani hati inafuata mkataba, na ndugu nao huufuata huohuo panapotokea msiba.

Wiki hii mwombe dalali vitu vitatu tu: jina kamili la kijiji au mtaa, nakala ya karatasi aliyonayo mwuzaji, na namba ya simu ya mwuzaji mwenyewe. Akivitoa, anzeni kuhakiki. Akianza kusema kuna mteja mwingine anakuja kesho na fedha taslimu, mwacheni huyo mteja anunue, nanyi endeleeni kutafuta.